Sauti ya Maaskofu mbele ya Leta, na deni letu sisi wakristu

Hotuba iliyotolewa na mkatekista mmoja wa parokia, jioni ya matayarisho ya Yubile



Halmashauri ya Yubile ilituomba tuseme neno juu ya Maaskofu wetu na Leta. Hatukulichagua wenyewe, tena si neno jepesi. Lakini tunajua lilitoka wapi. Wakati wa Kwaresima, katika shirika letu, kijana mmoja alisimama nyuma ya masomo ya Evanjili akauliza: «Maaskofu wanatafuta nini katika mambo ya Leta? Kwa nini wasibaki na misa na sakramenti?» Tulimjibu kwa haraka, na kwa kweli tulimjibu vibaya. Tulimwambia: «Nyamaza, Maaskofu wanajua kazi yao.» Jibu la namna ile halimlishi mtu. Basi leo tunataka kulipa deni lile, tumjibu yeye na wenzake kwa utaratibu.

Tutagawanya maneno yetu katika sehemu nne: kwanza, kwa haki gani Maaskofu wanasema, pili, mambo yaliyotokea katika inchi yetu kati ya mwaka 1971 na 1977, tatu, yaliyofuata mpaka siku zetu, na nne, jambo linalotuhusu sisi wenyewe, ambalo ni gumu kuliko yote.

I. Kwa haki gani?

Tusianze na Kinshasa wala Roma, tuanze na Maandiko Matakatifu. Mfalme Daudi alipochukua mke wa askari wake na kumfanya askari yule auawe vitani, nabii Natani hakusema: «Hayo ni mambo ya nyumba ya mfalme.» Alikwenda kwake, akampa mfano wa tajiri aliyemnyang'anya maskini mwana-kondoo wake mmoja, mpaka mfalme akajihukumu kwa kinywa chake mwenyewe. Vilevile Yoane Mbatizaji alimwambia Herode kwamba si halali kukaa na mke wa ndugu yake, na kwa sababu hiyo alikatwa kichwa. Natani hakutaka kiti cha Daudi. Yoane hakutaka kiti cha Herode. Walitaka mwenye kiti akumbuke kwamba juu yake kuna mwingine.

Bwana wetu naye aliulizwa juu ya kodi. Akaomba waonyeshe feza, akauliza sura iliyochorwa pale ni ya nani. Feza ina sura ya Kaisari, basi arudishiwe Kaisari. Lakini mtu ana sura ya nani? Ana sura ya Mungu. Ndiyo sababu Leta inaweza kutudai kodi, wala haiwezi kudai mtu mzima pamoja na roho yake. Mwaka 1981 Maaskofu wa inchi yetu walitoa barua waliyoiita kwa jina la imani yetu katika mtu aliye sura ya Mungu. Jina hilo peke yake linatosha kumjibu kijana wetu.

Mtaguso wa pili wa Vatikano, mwaka 1965, ulieleza mambo mawili ambayo ni lazima tuyashike pamoja. La kwanza: Eklezia haifungwi na chama chochote wala na namna yoyote ya utawala. La pili: Eklezia ina haki ya kutoa hukumu yake juu ya wema na ubaya hata katika mambo ya siasa, haki za mtu zinapodai hivyo. Sheria ya Eklezia inawakataza mapadri kushika kazi za utawala wa Leta. Mchungaji haombi kura. Lakini hawezi kuona kundi linaliwa akasema hakuona.

II. Miaka ya majaribu

Wengi wenu mlizaliwa nyuma ya miaka hiyo, nasi vilevile tuliipokea kwa midomo ya wazazi na ya walimu wetu. Lakini alama yake iko katika mifuko yenu. Toeni karte zenu mzitazame: mna jina, mna «postnom», kisha mna «prénom». Watu wa inchi nyingine wanatuuliza hiyo «postnom» ni kitu gani. Basi, ndiyo kovu la miaka ile.

Tarehe 27 mwezi wa 10 mwaka 1971, Kongo iliitwa Zaire. Raisi Mobutu alitaka watu warudi katika asili yao, na mwanzoni mwa 1972 likatolewa neno kwamba majina ya kikristu yaachwe, kila mtu achukue jina la wakubwa wake. Padri aliyembatiza mtoto kwa jina la kigeni aliogofishwa kwa kifungo. Hapo ndipo watu wakatafuta jina la babu ao la nyanya, wakaliweka pahali pa Joseph na Marie.

Tusiwaonee watu wa zamani. Kupenda mila za wakubwa si dhambi, na Maaskofu hawakusema ni dhambi. Kardinali Malula, askofu mkuu wa Kinshasa, alikuwa mmoja wa wale waliofanya kazi zaidi kusudi tumsifu Mungu kwa ngoma zetu na kwa lugha zetu. Misa tunayoiita misa ya kizaire, ambayo Roma iliikubali mwaka 1988, inatokana na kazi yake na ya wenzake. Shindano halikuwa juu ya ngoma wala juu ya jina. Lilikuwa juu ya ulizo hili: nani mwenye amri juu ya zamiri ya mtu?

Mwezi wa kwanza 1972, gazeti la kikatolika «Afrique chrétienne» lilitoa maandishi ya kupima siasa ile ya asili, nalo likafungwa. Kardinali alinyang'anywa nishani yake ya taifa, akatolewa katika nyumba yake, na nyumba ikapewa vijana wa chama. Akakaa Roma miezi kadhaa, akarudi mwezi wa tano. Siku zile vilevile Leta ilitaka tawi la vijana wa MPR lisimame ndani ya seminari. Maaskofu walikataa kwanza, kisha mapatano yakafanyika. Tuseme kweli kama ilivyo: hawakushinda katika kila jambo. Wengine walitaka kusema kwa nguvu, wengine waliogopea masomo na hospitali zilizotegemea feza ya Leta. Tusisahau pia kwamba mwaka 1965, Mobutu aliposhika utawala, wakubwa wengi wa Eklezia walimpokea kwa tumaini, sababu inchi ilikuwa imechoka na damu. Sisi wa Kindu, tulioona mambo ya 1964, hatuwezi kuwacheka kwa tumaini lile.

Halafu neno likaendelea mbele. Mwisho wa 1972 vyama vya vijana vya kidini vikakatazwa. Mwaka 1973 magazeti ya dini yakafungwa. Mwaka 1974 Noeli ikaondolewa katika sikukuu za Leta. Tarehe 25 mwezi wa 12 watu wakaitwa kazini. Mwisho wa mwaka ule ule masomo yote ya misioni yakachukuliwa na Leta, na somo la dini likatolewa katika kalasi. Sanamu za dini zikaondolewa katika nyumba za watu wote, pakabaki picha ya Raisi. Mkubwa mmoja wa serkali alidiriki kumwita Raisi nabii, na chama kanisa.

Fikirini, ndugu. Chama kikiitwa kanisa, mkatekista anabaki na kazi gani? Wazee wetu walituambia kazi ilibaki, tena iliongezeka. Kalasi ilipofungwa, mafundisho yaliingia nyumbani. Maaskofu walikuwa wamekwisha kuchagua, tangu 1961, njia ya jumuiya hai za wakristu, ndizo sisi tunaziita mashirika. Mpaka miaka ile wengi waliziona kama mapambo. Leta ilipofunga mlango mkubwa, ndipo tulipotambua faida ya milango midogo. Mzazi alijifunza tena kuwa mwalimu wa kwanza wa mtoto wake. Hivyo mashirika yetu, ambayo leo tunayaona kama kitu cha kawaida, yalipata nguvu wakati wa taabu.

Mwezi wa kwanza 1975 Maaskofu walitoa tangazo lao wakaonyesha wazi hatari ya kumweka mtu pahali pa Mungu. Mwaka 1976, Mgr Kabanga wa Lubumbashi aliandika barua yake ya Kwaresima, «Mimi ni mtu», akahukumu namna tamaa ya feza inavyomla mtu katika ofisi, sokoni na hata katika familia. Na masomo? Nyuma ya miaka miwili Leta yenyewe iliona kwamba haiwezi kuyasimamia. Tarehe 26 mwezi wa 2 mwaka 1977 mapatano yaliwekwa kati ya Leta na Wakatolika, Waprotestanti na Wakimbangu. Baadaye ndugu zetu Waislamu, ambao hapa Maniema ni majirani wetu wa kila siku, nao wakaingia. Kwa mapatano hayo Leta inatoa programu na mishahara, Eklezia inasimamia masomo. Ndiyo maana ya neno «conventionné» linaloandikwa mbele ya masomo ya watoto wetu.

III. Yaliyofuata

Tarehe 1 mwezi wa 7 mwaka 1978 Maaskofu waliita taifa lisimame tena. Tarehe 9 mwezi wa 3 mwaka 1990, Raisi alipowauliza watu maoni yao, Maaskofu walimwandikia wakimwonyesha ugonjwa ulipo: utawala wa mtu mmoja usio na wa kuujibu. Tarehe 24 mwezi wa 4 mwaka ule, chama kimoja kikakoma. Wakristu wakarudisha majina yao ya ubatizo, lakini hawakutupa ya wakubwa wao; hivyo tukapata majina yetu matatu. Mungu ameandika vizuri kwa mistari iliyopinda.

Mgr Monsengwo, wakati ule askofu mkuu wa Kisangani, aliongoza Mkutano Mkuu wa Taifa. Mkutano ulipofungwa kwa nguvu mwanzoni mwa 1992, wakristu wa Kinshasa walitoka tarehe 16 mwezi wa 2, rozari na majani mikononi, wakapigwa risasi. Mkutano ukafunguliwa tena mwezi wa nne. Hiyo ni damu ya walei, ndugu. Tusidhani kwamba neno la Maaskofu linalipwa na Maaskofu peke yao.

Na hapa kwetu mashariki, katika jimbo kuu la Bukavu ambalo jimbo letu la Kindu ni mmoja wa watoto wake, tuna makaburi mawili ya kutufundisha. Mgr Munzihirwa alipigia kelele haki za wakimbizi na za wenyeji pamoja, akauawa Bukavu tarehe 29 mwezi wa 10 mwaka 1996. Mgr Kataliko, katika ujumbe wake wa Noeli 1999, alisema wazi juu ya utumwa wa watu chini ya wenye silaha. Mwezi wa pili 2000 akakatazwa kuingia Bukavu, akapelekwa Butembo. Alirudi mwezi wa tisa, na tarehe 4 mwezi wa 10 akafariki Roma. Siku zile Kindu nayo ilikuwa chini ya utawala ule ule. Tulijua wenyewe uzito wa kusema na uzito wa kunyamaza.

Tarehe 31 mwezi wa 12 mwaka 2016, Maaskofu waliwapatanisha wanasiasa waliokuwa tayari kuteketeza inchi. Mwaka 2018, katika uchaguzi, CENCO ilituma watazamaji karibu 40,000. Wengine kati yenu mlikaa mchana na usiku mbele ya vyumba vya kura na daftari mkononi, mliona, mkaandika. Tarehe 10 mwezi wa kwanza 2019 Maaskofu walisema kwamba matangazo hayakupatana na yale yaliyoandikwa na watazamaji wao. Mwaka 2025, Goma ilipoanguka, Maaskofu pamoja na wachungaji wa Kiprotestanti walikuwa wameanza kazi ya mapatano ya jamii kwa ajili ya amani. Wakaenda kwa pande zote, hata kwa wenye kushika silaha. Walitukanwa kwa ajili hiyo. Na askofu anayechunga Goma katika taabu ile, Mgr Ngumbi, ni yule yule aliyekuwa mchungaji wetu hapa Kindu mpaka 2019. Habari za Goma kwetu si habari za mbali.

Majaribu mapya yapo. Mwaka 2024 Leta iliamua kwamba hukumu ya kifo, ambayo ilikuwa haitekelezwi tangu 2003, iweze kutekelezwa tena. Tunajua hasira iliyozaa uamuzi ule: vita, usaliti, ujambazi wa usiku. Nasi hasira hiyo tunayo. Lakini tangu 2018 Katekisimu yetu inafundisha kwamba hukumu ya kifo haikubaliki, sababu hata mwenye kosa hapotezi heshima ya mtu. Mkatekista anayefundisha amri ya tano hawezi kuruka ukurasa huo kwa sababu majirani wanashangilia.

IV. Deni letu

Sasa tunafika pahali ambapo tungependa kunyamaza.

Kijana yule wa shirika, nyuma ya jibu letu baya, aliuliza ulizo la pili, kwa sauti ya chini: «Na bati za kanisa letu dogo?» Hakuna aliyejibu. Wageni hawajui, basi tuwaambie.

Wakati wa uchaguzi mmoja, mgombea alikuja katika kartie yetu. Kanisa la shirika lilikuwa linavuja. Mvua ya mwezi wa kumi na moja mnaijua. Akatupa bati ishirini na nne na misumari. Sisi wakatekista na wazee tulizipokea kwa vigelegele. Tukataja jina lake katika matangazo, mara tatu, mbele ya altari. Hatukusema: «Mpigieni kura.» Hatukuhitaji kulisema.

Kisha, miezi ikapita, mjane mmoja wa shirika alinyang'anywa kiwanja chake na watu waliokuwa karibu na mgombea yule. Mama huyo alikuja kwetu analia. Tulikwenda watu watatu kusema neno. Tulipokewa vizuri, tukapewa viti. Halafu tuliulizwa kwa upole: «Ninyi, mnaposali, mnasali chini ya bati za nani?» Tulirudi nyumbani hatuna neno. Mama yule anapanga chumba mpaka leo.

Ndugu wapendwa, kila mara barua ya Maaskofu inaposomwa, sisi tunapiga makofi wanapowahukumu wakubwa. Lakini Kardinali Malula alipotolewa nyumbani kwake alibaki na mdomo wake. Sisi tulipewa bati tukapoteza mdomo wetu. Ndipo tulipoelewa kwa nini miaka ya 1970 ilikuwa migumu kwa Maaskofu: mkono unaopokea unafunga kinywa, hata kama feza yenyewe ni ya kazi nzuri ya masomo ao ya hospitali. Tusiwahukumu kabla ya kujipima.

Shirika lilikaa mara nne kuzungumza jambo hili. Wengine walisema tungoe bati. Akina mama walikataa, nao walikuwa na haki: mvua haitalowesha dhambi, italowesha watoto. Mwishoni tulipatana hivi. Bati zibaki, lakini tutazilipa. Bei yake itakusanywa kwa mchele, karanga na mafuta ya mawese, kila familia kwa kipimo chake, na feza itakayopatikana itamsaidia mjane yule kutafuta haki yake mbele ya baraza. Mpaka leo tumefika nusu. Si kitu kikubwa. Lakini tulipokwenda kumwona tena yule mkubwa, wiki tatu zilizopita, alipouliza ulizo lake, mzee wetu mmoja alijibu: «Kumi na mbili ni zetu tayari, Baba. Zile nyingine zinakuja.» Akanyamaza. Kesi haijakwisha, lakini safari hii sisi tulisema.

Kwa hiyo tunaweka mbele ya parokia nzima, mbele ya Mapadri wetu, maombi matatu kwa mwaka huu wa Yubile.

La kwanza: barua za Maaskofu zisilale ofisini. Zinaandikwa kwa kifaransa, na wengi wetu hatuzielewi. Wakatekista tuliopita seminari ndogo tupewe kazi ya kuzitafsiri kwa kingwana chepesi, zisomwe katika kila shirika, tena zijadiliwe. Mtu akibishana nazo, vizuri. Ni alama kwamba amezisikia.

La pili: mgombea akija na zawadi wakati wa uchaguzi, zawadi isipokelewe kwa altari, na jina lake lisitajwe katika matangazo. Kama ana moyo mwema, moyo huo utabaki naye hata nyuma ya kura.

La tatu: hesabu ya sadaka na ya masomo yetu isomwe mbele ya watu. Tangu 2019 Leta imetangaza kwamba masomo ya kwanza ni ya bure. Mzazi anapoombwa feza katika masomo yenye jina la mtakatifu, ana haki ya kujua ni ya nini. Hatuwezi kumwambia mkubwa wa Kinshasa aonyeshe hesabu wakati sisi tunaficha daftari letu.

Kijana wetu, tunakujibu sasa mbele ya wote. Maaskofu hawatafuti kiti cha Leta. Wanatafuta mtu, yule mwenye sura ya Mungu, aliyenyang'anywa kiwanja, jina, kura ao uhai. Wakimtafuta peke yao hawatafika mbali. Mkono mmoja hauwezi kufunga mzigo. Wewe uliuliza ulizo lile la bati. Tunakushukuru. Ulikuwa Natani wetu, na sisi tulikuambia unyamaze. Utusamehe.

Wamisionari waliotuletea Evanjili wengine walilala katika udongo huu. Wazee wetu walifundisha dini majumbani wakati kalasi zilipofungwa. Tuombe neema kusudi wale watakaosherehekea Yubile ijayo wasikute parokia yenye bati nyingi na kinywa kilichofungwa.

Bikira Maria, Mama wa Eklezia, atuombee. Mwenye heri Anuarite, aliyekataa kumpa mwenye silaha kile kilichokuwa cha Mungu, atuombee. Mungu awabariki Maaskofu wetu, awape wakubwa wa inchi yetu masikio, na sisi atupe ujasiri.

Yezu Kristu atukuzwe, sasa na siku zote.